Bustani Isiyo na Pa Kujificha

Nikipita barabara ya ufukweni nageuza uso upande wa mashamba ya mpunga mpaka hoteli ile iishe. Mwenye bodaboda hudhani naogopa vumbi. Ukoka ulio mbele ya hoteli niliupanda mimi na wenzangu, na umeota vizuri, siwezi kusema uongo. Ni wa kijani kuliko kitu chochote pale. Lakini nikiuona mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi.

Naandika haya ili nijue kama kinyaa changu ni cha haki. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo mengine siyaelewi mpaka niyaweke kwenye karatasi, niyasome kama ya mtu mwingine. Nitajitahidi kumpa kila mtu chake, hata yule msimamizi wa ujenzi wa hoteli.

Kazi yangu ilianza na beseni. Nilikuwa nang'oa ukoka kandokando ya mifereji, naukatakata vipande, naweka kwenye beseni lenye maji kidogo, najitwisha, nakwenda kwenye ua wa mtu. Nyumba ya muuguzi. Nyumba ya mchungaji. Nyumba za walimu, ambao kila mmoja alitaka ua wake upendeze kuliko wa mwenzake. Sisi huku tumekua tukiinama kwenye mpunga, kwa hiyo niliupanda ukoka kama mpunga: mstari mmoja, hatua moja nyuma, mstari mwingine. Ukipanda unarudi nyuma, usije ukakanyaga ulichopanda. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza na mtoto wa Kyela hahitaji kufundishwa. Baadaye nikaongeza maua, mawe ya mtoni yaliyopakwa chokaa, na njia ndogo za kokoto. Watu wakaanza kuniita mama bustani.

Aliyenisukuma kwenye kazi kubwa ni mama mmoja wa mjini mwenye duka la vitambaa. Wazazi wake walitoka Pwani zamani, na ua wake wa nyuma nilimpandia asumini mpaka akawa anapokelea wageni huko badala ya sebuleni. Siku moja nikiwa napogoa akaniambia, "Mwanangu, utashona viraka mpaka lini?"

"Viraka vipi, mama?"

"Hivi. Ua wa huyu, kibaraza cha yule. Shona nguo nzima basi! Kuna watu wanajenga hoteli ziwani, mkandarasi wao ananunua saruji kwa kaka yangu. Wanatafuta mtu wa bustani. Nimeshakutaja."

"Mama, mimi? Mahali penyewe ni pakubwa kama uwanja wa mpira."

"Kwani uwanja wa mpira umepandwa na malaika?"

Nilicheka, nikaendelea kupogoa. Nilijiona mdogo kwa kazi ile, na mpaka leo sina hakika kama nilikosea kujiona hivyo.

Siku niliyokwenda kuona eneo nilitamani kurudi nilikotoka. Zamani palikuwa na migomba na mikakao, kivuli kitupu, mtu unapita mchana jua lisikuone. Greda lilikuwa limelaza vyote. Migomba ilisukumwa pembeni ikawa rundo, ikaoza na mvua, ikatoa maji meusi yenye harufu ya tumbo la mnyama aliyekufa. Maganda ya kakao yamejaa vijidudu. Upande wa ziwa, mawimbi yalikuwa yameleta pampasi, chupa, kandambili za mguu mmoja mmoja. Mafundi ujenzi walikuwa na choo cha maturubai ambacho upepo ukikigeukia wote tunageuka. Nilitema mate mara nyingi siku ile mpaka koo likakauka. Nikajiambia, sawa, uchafu ni kazi, hata mpunga hupandwa kwenye tope.

Msimamizi alikuwa mtu wa makamo, ametoka mbali. Sisemi wapi, maana si kosa la kwao. Na hapa niseme ukweli wake. Alikuwa anaijua kazi. Alinifundisha kupima mteremko kwa mpira wa maji: unajaza maji kwenye mpira unaoonyesha ndani, mtu mmoja anashika huku, mwingine kule, maji yenyewe yanakwambia ardhi imelala wapi. Alituletea maji safi ya kunywa. Hakumshika mwanamke yeyote. Alitupa glavu, japo wenzangu walizivua, maana ukoka haupandiki kwa mkono usioona. Siku za mwanzo nilikuwa nikirudi nyumbani namsifu, mume wangu akawa ananitania, "Naona umepata bosi, mimi sasa ni kibarua."

Mume wangu ni dereva wa lori, anavuka Kasumulu kwenda Malawi na kurudi. Yupo na hayupo. Nasema hivyo ili ieleweke kwa nini jambo lenyewe sikuweza kumtwika yeye.

Niliwaleta wanawake wanaopanda mpunga, wengi wao kutoka Busale, pamoja na rafiki yangu wa tangu shule. Rafiki yangu ana mdomo. Tukiwa tumeinama wote kwenye mstari, migongo juu, aliwahi kusema, "Mungu akitazama chini kutoka huko, Kyela anaiona kwa makalio tu." Tukashindwa kupanda kwa kicheko. Siku hizo tulikuwa na furaha, nisizichafue.

Kisha baba mkwe wangu akaajiriwa kulinda pampu.

Nyumba yake haiko mbali na hoteli, na pampu ya kuvuta maji ya ziwa ilikuwa inahitaji mtu. Kumpa yeye kazi lilikuwa jambo jema. Ila njia ya kutoka kwake kwenda kwenye pampu inakatisha katikati ya ule uwanja.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mke haonani na baba wa mumewe. Hamwangalii usoni, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mwanamke anatoka njiani, anainama, anajifunika kitenge mpaka mzee apite. Na mzee naye ana wajibu wake, jambo ambalo watu husahau: anakohoa akiwa bado mbali, ili mkamwana apate nafasi ya kujitenga. Ni adabu ya watu wawili. Mmoja akiiacha, haibaki adabu.

Siku hizi wengi hawafuati. Mjini wapo wakamwana wanaokula meza moja na wakwe zao na hakuna aliyedhurika. Mchungaji ametuambia si dhambi kufuata wala si dhambi kuacha. Mimi sikuacha, wala si kwa ushupavu. Nilizoea tu. Tangu niolewe sijawahi kuuona uso wa yule mzee sawasawa. Namjua kwa miguu: nyayo pana, katambuga za tairi, kidole gumba cha kushoto kimepinda nje. Na kwenye nyua ndogo za watu haikuwa taabu. Mzee akikohoa unazunguka nyuma ya nyumba, unajibanza penye mgomba, anapita, unaendelea na kazi yako.

Pale hotelini hapakuwa na mgomba hata mmoja. Tulikuwa tumekodiwa ili pasiwe na kitu.

Siku ya kwanza alikohoa vizuri, mbali kabisa. Niliangaza huku na huku kama kuku. Nikakimbilia rundo la samadi, nikachuchumaa nyuma yake na kitenge kichwani, pua yangu imekaribia mavi ya ng'ombe. Wanawake wengine wawili walioolewa kwenye ukoo ule, ambao kwao pia mzee ni baba mkwe, nao wakaja mbio wakajibanza na mimi. Rafiki yangu, ambaye baba mkwe wake alishafariki, akabaki amesimama anapiga mluzi. Mzee akapita. Tukatoka tumejaa samadi.

Msimamizi alikuja. "Mama bustani, kuna nyoka?"

"Hapana. Ni mkwe."

"Mkwe nani?"

Nikamweleza, na nilimweleza vizuri, tena kwa kucheka, kwa sababu hata mimi niliona tunavyochekesha. Alisikiliza. Akasema kwa heshima kabisa, "Aisee, mna nidhamu nyie." Akaniambia tukimsikia mzee tuchukue nafasi yetu, kazi haitakimbia. Sasa mtu wa namna hiyo ungemfanyia shaka gani?

Sijui ilianza siku gani kugeuka. Nadhani ni siku walipokuja watu wa kufunga vioo. Mzee akapita, sisi tukakimbia, na wale wa vioo wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Rudia, rudia!" Msimamizi akacheka pamoja nao. Akamwita mzee, "Mzee wangu, una mamlaka wewe! Hata mkuu wa wilaya hakimbiwi hivi!"

Tangu hapo akija mgeni, msimamizi humwita mzee. "Mzee, hebu njoo huku kidogo." Hakuna kazi yoyote huko anakoitwa. Anatoka kwenye pampu, anavuka uwanja, sisi tunatawanyika na mikono imejaa tope, vitenge vinatuponyoka, wageni wameinua simu zao. Kisha anaambiwa, "Haya mzee, rudi tu," anavuka tena, tunatawanyika tena. Mmoja wa wale wakamwana wawili alikuwa na mimba. Nilimwona akianguka kwenye mfereji wa bomba, akainuka akajifunika kwanza ndipo akashika tumbo. Kule kwenye vioo watu walishangilia kama mpira umeingia golini.

Nilitapika siku ile, nyuma ya matofali. Niliwaambia wenzangu ni harufu ya choo.

Rafiki yangu aliona vingine. Tukiwa tunarudi nyumbani aliniambia, "Gwe, simama tu siku moja. Mwangalie usoni. Utageuka jiwe?"

"Siwezi."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu. Miguu inakwenda yenyewe."

"Basi tatizo ni miguu yako, si bosi. Tukimkasirisha tunakosa mteremko."

Huo mteremko ndio uliokuwa roho za watu wote. Uwanja wa mbele ulikuwa ni majaribio. Wakiridhika, tungepewa upande wote unaoshuka ziwani, na kingo zote za njia ya kuingilia, na baada ya hapo kutunza bustani mwaka hadi mwaka. Rafiki yangu alikuwa na nyumba isiyo na bati. Wengine walikuwa na watoto wa kupeleka sekondari. Mimi nilitaka nisirudi kwenye beseni. Kila mtu alijua neno la kuamua mambo hayo lilikuwa mdomoni mwa msimamizi. Kwa hiyo maneno ya rafiki yangu yalinikaa. Nilijiuliza, kweli ninawaponza wanawake hawa wote kwa mazoea yangu tu?

Kilichonichafua kabisa roho ni kikohozi. Kilikuwa kinapungua. Kwanza mzee alikohoa karibu karibu, kisha akawa anakohoa akishafika, kisha akaacha. Tukawa tunainua macho tunakuta katambuga zimeshatufikia.

Nikaenda kwa mama mkwe, maana hiyo ndiyo njia yetu: la kumwambia mzee unalipitisha kwa mkewe. Nilikwenda saa ambayo mzee alikuwa kwenye pampu. Nilimkuta amekaa uani anageuza kakao kwenye mkeka.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Karibu, kaa. Mbona umekonda?"

"Mama, naomba umwambie baba akohoe."

Aliendelea kugeuza kakao. Harufu yake kali ilikuwa imejaa uani kama siki. "Nimeshamwambia," akasema.

"Akajibuje?"

"Anasema yule bosi amemkataza. Kikohozi kinawafanya mwondoke kabla wageni hawajaona."

Niliokota kakao zilizodondoka nje ya mkeka nikazirudisha.

"Anampa soda," mama mkwe akasema. "Na biskuti. Anakuja nazo hapa anawagawia wajukuu. Tangu wanawe watawanyike hakuna aliyekuwa anamwita popote, mwanangu. Sasa anaitwa. Akirudi anasimulia, leo wamekuja wazungu, leo wamekuja wa kutoka wizarani. Mimi nifanyeje? Nimempikia ugali bila mboga siku mbili kama adhabu. Amekula tu."

Alinichekesha, na wakati huohuo niliona kinyaa kimehama. Kwanza kilikuwa kwa msimamizi peke yake. Msimamizi ni mgeni, hajui uzito wa anachochezea. Mzee anajua. Alikuwa anajua kwa kila hatua anayoipiga kwenye ule uwanja. Nilitoka pale naonja soda mdomoni ambayo sikuinywa.

Sasa siku ya ukaguzi. Alikuja mwakilishi wa mwenye hoteli, mama mmoja mtulivu mwenye miwani na viatu vya gari, si vya shambani. Msimamizi alinipanga mimi nimweleze, na hapo pia alinitendea haki. Angeweza kueleza mwenyewe, kazi ikawa yake. Alisema, "Mama bustani ndiye mwenye ukoka wake. Aongee." Wanawake walikuwa wanamalizia mistari ya mwisho upande wa kati. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ardhi laini kama uji, vipande vya ukoka vimeshika lakini bado havijapata mizizi ya kutosha. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na yule mama, naonyesha kwa mkono jinsi maji yatakavyoshuka pembeni badala ya kutuama. Alikuwa ananiuliza maswali ya maana. Nilikuwa najibu. Nilijisikia mtu mkubwa, niseme tu.

Msimamizi akainua mkono kuelekea kwenye pampu. "Mzee wangu! Njoo umsalimie mama!"

Nilizisikia katambuga zikichapa kwenye tope. Hakukohoa. Kulia hapakuwa na kitu, kushoto hapakuwa na kitu, rundo la samadi tulikuwa tumeshalitandaza lote. Nikajifunika kitenge kichwani papo hapo niliposimama, nikainama, na mkono wangu mmoja bado ulikuwa umenyooka kuonyesha mfereji. Nikamsikia mtu anacheka. Nikafikiri, nikimbie nikanyage ukoka mbele ya mkaguzi, au nibaki hapa kama mzigo uliofungwa?

Sikuhitaji kuchagua. Wanawake walinyanyuka kwenye mistari. Walikuja mbele, moja kwa moja, juu ya ukoka, watu ambao maisha yao yote wakipanda hurudi nyuma. Nilisikia miguu yao ikizama na kutoka, kachu, kachu. Walinizunguka wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavishika kwa mikono kama tunavyofanya mwanamke anapojifungulia shambani. Ghafla nikawa ndani ya chumba cha vitambaa. Mle ndani palinuka jasho na tope, nikavuta pumzi. Yule mwenye mimba na mkamwana mwenzake niliwavutia ndani na mimi.

Chini ya pindo niliziona katambuga zimesimama. Kidole kilichopinda kilikuwa kinachezacheza kwenye tope.

"Bosi," mzee akasema, "sasa nipite wapi?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kazi. Hata aibu haikuwamo. Nimeigeuza sauti ile mara nyingi kichwani nikitafuta aibu, ili nimtendee haki, sijaipata. Labda ilikuwamo na mimi nilikuwa nimechafukwa mno kuisikia.

"Rudi tu, mzee," msimamizi akasema.

Alirudi. Vitenge vikashushwa. Tulipotazama chini, sehemu yote ya kati ilikuwa imefumuliwa, nyayo zimejaa maji, vipande vya ukoka vinaelea kama mboga kwenye mchuzi. Rafiki yangu, ambaye ndiye alikuwa amenyanyuka wa kwanza, aliitazama ile kazi akashika kichwa. "Yesu wangu," akasema. "Mteremko umekwenda."

Yule mama wa miwani aliuliza, "Hii ilikuwa ni nini?"

"Ni mila zao, mama," msimamizi akajibu. "Nilitaka uone."

"Nimeona." Hakucheka, wala hakumkemea. Aliinama akang'oa kipande kimoja ambacho hakikukanyagwa, akaangalia mizizi yake, akakirudisha. Akaniambia, "Pandeni upya hapo katikati. Pakishika, mteremko ni wenu." Akaenda kwenye gari lake anafuta viatu.

Kumbe tuliupata. Wanawake walipiga vigelegele, wakanikumbatia na matope yao. Nami nilifurahi, sitajifanya sikufurahi. Tukapanda upya, kwa kurudi nyuma kama inavyotakiwa, na pakashika.

Kabla ya kuanza mteremko nilimfuata msimamizi peke yake. Nilikuwa nimefikiria kama mtu wa bustani. Nilimwomba tupande ua wa miti kando ya njia ya pampu, michongoma au hata maua marefu, mzee apite nyuma yake na sisi tufanye kazi mbele yake, yaishe bila kelele wala lawama. Miche ningeitafuta mwenyewe.

"Haipo kwenye mchoro," akasema. "Na itaziba ziwa."

"Basi usimwite tena."

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mama bustani, sikiliza. Huku ni kazi kubwa sasa. Hoteli ikifunguliwa kutakuwa na wageni kila siku. Wageni wanapenda utamaduni. Hawawadharau nyinyi, wanapenda. Mzee nimeshaongea naye, amekubali. Nyinyi mnafanya kazi yenu, yeye anapita tu. Kosa liko wapi?"

Nadhani alikuwa anaamini anachosema. Mtu mwovu ungemkemea. Huyu alikuwa ameshaniweka kwenye bustani yake pamoja na mawe na maua, mahali pangu pamepimwa, na alinipenda pale.

Nikamwambia, "Mteremko sitapanda."

Niliwaambia wenzangu siku hiyohiyo, tukiwa tunaosha majembe ziwani. Sikuwaambia wanifuate. Wengine waliendelea kusugua majembe. Mmoja alisema, bila kunitazama, "Wewe mumeo anaendesha lori." Alisema kweli, na niliibeba. Rafiki yangu alikasirika waziwazi. "Tulikanyaga ukoka kwa ajili yako," akasema. "Tulikuwa tayari tukose wote. Sasa tumepata, unatuachia?"

"Chukua wewe. Uongoze wewe."

"Mimi sijui kupima mteremko."

"Nitakufundisha."

Nilimfundisha kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba yangu, kwa mpira uleule wa maji. Alishika haraka. Wale wakamwana wawili wa ukoo wetu waliacha pamoja na mimi. Waliobaki walienda naye, na sasa mteremko umefika nusu. Kwao mzee ni mzee tu, akipita wanamwamkia wakiwa wameinama na hakuna cha kupiga picha. Nimesikia wageni wamelalamika. Nimesikia pia kwamba msimamizi anauliza uliza vijijini kama kuna wakamwana wengine wa ukoo ule wanaotafuta kazi. Hilo la pili sijalithibitisha, kwa hiyo naliandika kama uvumi.

Mimi nimerudi kwenye nyua. Mama wa duka la vitambaa aliposikia alinisonya. "Umepewa shuka ukarudi kwenye viraka," akasema, halafu akanituma kwa mdogo wake mwenye nyumba mpya upande wa Njisi. Naweza kuwa mjinga. Mwanamke mwingine angesimama, angemtazama mzee machoni, na mchezo ungekufa siku hiyo hiyo, na kazi angekuwa nayo. Rafiki yangu alinipa njia hiyo mapema na ilikuwa njia ya kweli. Kinachonikera ni kwamba ili niifuate ingebidi niivunje adabu yangu kwa sababu mwingine ameiuza, na soda akanywa yeye.

Juzi mama mkwe alimtuma mtu na mkungu wa ndizi. Mkubwa, umeiva vizuri, wa shamba la mzee mwenyewe, ameukata kwa mkono wake. Aliyeuleta alisema, "Baba anasema, ule na watoto." Nilishukuru, ndaga fijo, kama inavyopasa. Hakukuwa na neno jingine lililoambatana nao, na sikulitegemea; kwetu mkwe hatoi neno, hutoa kitu.

Niliuweka jikoni. Nilimenya moja nikaikaribisha mdomoni. Ndizi haikuwa na kosa lolote, ilinukia utamu. Nikaona kile kidole kikichezacheza kwenye tope, nikairudisha chini. Watoto niliwaachia wale, walikula wakashiba, sikuwaambia kitu. Zilizobaki nilizichukua na maganda yake nikampelekea nguruwe, nikasimama nje ya banda nikamwangalia mpaka akamaliza.